Kuchimba kisima Mtwara na Lindi kwa kufuata sheria: kuanzia Bodi ya Bonde hadi daftari la kisima

Huku kwetu pesa ya kisima mara nyingi hutoka kwenye korosho. Mnada ukishalipa na AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, ikaingiza fedha kwenye akaunti, wengine huezeka, wengine hulipa ada, na wengine huita mtambo wa kuchimba. Mwongozo huu ni wa hao wa mwisho. Nataka mtu aliyeko Mikindani, Nanyamba, Newala, Masasi, Mchinga au Kilwa aweze kuufuata hatua kwa hatua bila kupoteza msimu mzima wa jasho lake.

Nimeuandika kwa sababu sisi tuliupoteza. Shamba la familia yetu lipo karibu na bahari, upande wa Mikindani. Fundi tuliyemwita alikuja na mtambo, akachimba siku mbili, akalipwa kwa mita na kuondoka. Hatukwenda ofisi yoyote, wala yeye hakutuachia karatasi hata moja. Mwaka wa kwanza maji yalikuwa matamu. Kiangazi cha tatu mama alionja chai akauliza nani ametia chumvi. Tulipomleta mtaalamu aone kama kisima kinaweza kuokolewa, aliuliza maswali matatu: kina mita ngapi, mabomba yenye matundu yamewekwa kuanzia mita ya ngapi hadi ya ngapi, na siku ya kwanza maji yalisimama wapi? Hakuna aliyejua. Maswali hayo yote hujibiwa na taarifa moja ya kurasa chache ambayo sheria inamtaka mchimbaji aiandike. Tungeanzia ofisini, tungekuwa nayo.

Kwanza, ujue maji ni ya nani

Wazee wetu husema maji ni ya Mungu, nami sibishani nao. Sheria nayo inasema maji ni mali ya umma. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Namba 11 ya mwaka 2009, inaweka maji yote ya Tanzania Bara chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi, yakiwemo yaliyo chini ya ardhi. Hati ya kiwanja au ya kimila inakupa haki juu ya ardhi. Maji yaliyo chini yake unapewa haki ya kuyatumia, kwa kiasi na kwa masharti.

Wengi hukasirika wakisikia hivyo, nami niliwahi kukasirika. Lakini fikiria. Maji yaliyo chini ya kiwanja chako hayakuanzia hapo na hayataishia hapo. Mvua iliyonyesha juu ya Uwanda wa Makonde miaka mingi iliyopita inapenya mchangani na kuteremka polepole kuelekea baharini, na kila kisima njiani kinachota kwenye chungu hichohicho. Mwenye pampu kubwa akipewa uhuru wa kuvuta anavyotaka, bibi mwenye kisima cha ndoo ndiye atakayekauka kwanza. Sheria imeweka mbele maji ya mahitaji ya msingi ya binadamu na ya kulinda mazingira. Kilimo, viwanda na biashara nyingine hufuata baada ya hapo.

Nchi imegawanywa katika mabonde tisa ya maji. Mikoa ya Mtwara na Lindi imo katika Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini, pamoja na sehemu kubwa ya mkoa wa Ruvuma. Ndilo bonde la mito ya Ruvuma, Lukuledi, Mbwemkuru, Mavuji na Matandu. Bodi ya Maji ya bonde hili ina makao yake makuu Mtwara mjini. Hiyo ndiyo ofisi utakayoshughulika nayo zaidi, kwa hiyo usiichanganye na nyingine. MTUWASA na LUWASA ni mamlaka za kusambaza maji ya bomba Mtwara na Lindi. RUWASA, iliyoanza kazi mwaka 2019, inashughulikia huduma ya maji vijijini. Bodi ya Bonde haikuletei bomba nyumbani. Kazi yake ni kusimamia chanzo chenyewe: nani anachota, wapi, kiasi gani, na kwa ajili ya nini.

Je, wewe unahitaji kibali?

Kukinga maji ya mvua ya paa lako kwa matumizi ya nyumbani hakuhitaji kibali. Nakuomba usipite hapa haraka, hasa kama uko Newala au Tandahimba, maana kwa familia nyingi za juu ya uwanda mabati mazuri, mifereji na shimo la saruji la kuhifadhia maji hugharimu kidogo kuliko kisima kirefu, na hakuna hatari ya kuchimba ukakosa.

Kisima kifupi kilichochimbwa kwa mkono katika eneo lako, kwa ajili ya kunywa, kupika, kuoga na kufua, nacho sheria inakiruhusu bila kibali cha kutumia maji. Hata hivyo kanuni za afya na za umbali kutoka chooni zinabaki palepale.

Kisima kirefu cha mtambo ni habari nyingine. Hata kama maji yake ni ya nyumbani tu, anzia Bodi kabla mtambo haujafika, upate kibali cha kuchimba na kisima kiandikishwe. Wengi hukwepa hatua hii wakiogopa kutozwa. Kuandikishwa na kutozwa ada ya matumizi ni mambo mawili tofauti, na ada hutegemea aina ya matumizi. Ulizia pale Bodi kundi lako linaangukia wapi, na kila malipo yafanyike kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali. Mtu akikuomba ada ya kibali mkononi, bila kumbukumbu namba na bila risiti, usimpe.

Ukitaka kumwagilia bustani ya kuuza, kufuga kibiashara, kuendesha nyumba ya wageni, kubangua korosho kiwandani, kufyatua matofali au kuuza maji, unahitaji kibali cha kutumia maji. Ukitoa pia maji taka yenye kuingia mtoni au ardhini, kuna kibali cha pili cha kutiririsha. Na kama nia yako ni kuwauzia watu maji mtaani, zungumza pia na mamlaka ya maji ya eneo hilo, au RUWASA ikiwa ni kijijini, kwa sababu kutoa huduma ya maji kwa umma kuna sheria yake, Namba 5 ya mwaka 2019.

Ijue ardhi unayoichimba

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mtwara na Lindi hazina ardhi ya aina moja. Fundi aliyefanikiwa Masasi anaweza kukuharibia Msanga Mkuu kwa kutumia ujuzi uleule.

Masasi na sehemu za Nachingwea ni nchi ya mawe magumu ya kale. Ile milima ya mawe inayosimama peke yake pale Masasi inakuonyesha kilicho chini ya miguu yako. Maji huko hukaa kwenye nyufa za mwamba na kwenye tabaka la mwamba uliooza juu yake. Unaweza kuchimba hapa ukapata, ukasogea hatua thelathini ukakosa kabisa. Hapo kipimo cha ardhi kabla ya kuchimba hakina mbadala. Mtaalamu hupitisha umeme mdogo ardhini na kusoma ukinzani wake ili ajue nyufa zilipo.

Uwanda wa Makonde ni mchanga na mawe ya mchanga. Mvua inapenya mara moja na kuzama mbali sana, ndiyo maana kwa vizazi akina mama wa Newala walishuka mabonde kutafuta maji na kupanda nayo kichwani. Mradi wa maji wa Makonde unachota kwenye visima vya Mitema, chini bondeni, na kuyasukuma maji kupanda juu ya uwanda. Hilo likufundishe kitu: kama taasisi yenye mitambo mikubwa imeamua kuchimba chini na kupandisha, wewe mwenye kiwanja juu ya uwanda ufikirie sana kabla ya kulipa mita mia na kitu.

Pwani, kuanzia Msimbati na Mikindani hadi Mchinga na Kilwa, adui ni chumvi, na huku kwenda chini zaidi ndiko kunakoharibu. Maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, kwa hiyo huelea juu ya maji ya chumvi ndani ya ardhi, kama mafuta juu ya mchuzi. Hesabu yake inajulikana: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Inasikika kama neema kubwa mpaka uigeuze. Ukivuta kwa nguvu ukashusha maji kwa mita moja tu na kuyaacha chini hivyo, mpaka wa chumvi nao hupanda polepole, hadi mita 40.

Tuchukue mfano. Kiwanja kiko mita 12 juu ya bahari, na maji yanapatikana mita 11 na nusu chini. Maana yake maji matamu yamezidi usawa wa bahari kwa nusu mita tu, na chini ya usawa huo yanafika kama mita 20. Fundi anayelipwa kwa mita akikushawishi uende mita 40 “ili upate maji ya kutosha”, atafika mita 28 chini ya usawa wa bahari, mita nane ndani ya chumvi. Tulichimbiwa hivyohivyo. Pwani kisima kizuri ni kifupi, chenye pampu ndogo inayovuta polepole kwa saa nyingi. Ukihitaji maji mengi, visima viwili vidogo vilivyoachana ni salama kuliko kimoja kirefu.

Kwenda Bodi ya Bonde

Nenda mapema, ikiwezekana mwezi mmoja au miwili kabla ya tarehe unayotaka kuchimba. Beba kitambulisho, uthibitisho wa umiliki au barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inayoonyesha kuwa eneo ni lako, na mchoro wa eneo pamoja na majira-nukta, yaani namba za mahali ulipo ambazo simu yako inaweza kukusomea. Mchoro uonyeshe nyumba, vyoo vyote vilivyo karibu hata vya majirani, makaburi, zizi, kisima kingine chochote, na mto au bahari kama ipo karibu.

Kabla ya kujaza fomu, omba kuzungumza na mtaalamu wa maji chini ya ardhi. Muulize mambo haya kwa uwazi: visima vilivyoandikishwa karibu na kwangu vina kina gani? Vinatoa kiasi gani? Maji yake ni matamu au yana chumvi? Je, eneo langu limo katika hifadhi ya chanzo cha maji? Bodi hutunza taarifa za visima vilivyochimbwa kwa utaratibu, na dakika ishirini za mazungumzo hayo zinaweza kukuokolea mamilioni. Swali la hifadhi ni la lazima kwa walio jirani na visima vinavyolisha miji, kama Mtawanya kwa Mtwara au Ng'apa kwa Lindi. Na popote ulipo, kumbuka marufuku ya shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari.

Katika fomu utaeleza mahali, matumizi na kiasi cha maji unachotaka. Ombi la matumizi makubwa linaweza kuhitaji pia tathmini ya athari kwa mazingira kupitia taasisi ya taifa ya mazingira. Usiandike kiasi kwa kubahatisha. Hesabu yake nitaieleza mbele kidogo, nawe uwe umeifanya kabla ya kwenda.

Mpimaji na mchimbaji wenye leseni

Kanuni za mwaka 2013 zinataka anayefanya utafiti wa maji chini ya ardhi na anayechimba wote wawe na leseni ya Wizara ya Maji. Cheti cha kusajili kampuni au leseni ya biashara si leseni ya kuchimba. Omba kuiona, soma jina na tarehe ya kuisha, kisha uliza Bodi kama wanamtambua mtu huyo. Usione aibu. Mtu mwenye leseni halali huitoa kwa furaha.

Mpimaji na mchimbaji wawe watu tofauti ukiweza. Anayelipwa kwa kila mita hapaswi kuwa ndiye anayekuambia uchimbe mita ngapi. Taarifa ya mpimaji itaje sehemu inayofaa, kina kinachopendekezwa, kina ambacho usizidi, na hatari ya chumvi kwa walio pwani.

Kisha andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja, mbele ya mtendaji au wakili. Uwe na bei ya mita, ukubwa wa mabomba, nani atabeba hasara kisima kikitoka kikavu, jaribio la pampu litachukua saa ngapi, na sharti hili ambalo ningependa ulipigie mstari: sehemu ya mwisho ya malipo hutolewa baada ya taarifa ya uchimbaji kukabidhiwa kwako na nakala yake kufika Bodi. Zuia fedha ya kutosha ili aone faida ya kurudi. Bila sharti hilo taarifa utaisubiri kama tulivyoisubiri sisi.

Siku ya kuchimba

Uwepo mwenyewe, au umweke ndugu anayejua kusoma na kuandika, kuanzia asubuhi hadi mtambo uondoke. Choo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na kiwe upande wa mteremko wa chini. Kwenye mchanga wetu wa pwani, ambako uchafu hupenya kirahisi, mimi ningeongeza umbali huo kila penye nafasi.

Kila baada ya mita chache mchimbaji atoe sampuli ya udongo. Ipange chini kwa mstari, kila fungu na namba ya mita yake, na uipige picha. Usiku ule utakuwa na historia ya ardhi yako kuanzia juu hadi chini: mchanga mwekundu, mfinyanzi, mchanga mweupe wenye maji. Picha hizo hazigharimu kitu, na ndizo zitakazoamua mabomba yenye matundu yakae wapi. Pwani, kipimo cha chumvi kiwepo palepale: kifaa kidogo cha kupima upitishaji wa umeme kwenye maji ni cha bei nafuu, na namba ikianza kupanda ghafla mita kwa mita, simamisha mtambo. Ziba sehemu ya chini kwa mfinyanzi mrudi juu. Aibu ya kusimamisha kazi ni ndogo kuliko hasara ya kisima cha chumvi.

Mabomba yakishashuka, nafasi ya pembeni ijazwe changarawe safi kwenye sehemu ya matundu, halafu mita za juu zizibwe kwa saruji ili maji ya juu yasiteremke na uchafu. Mafundi wenye haraka huiruka hatua ya saruji na kurudishia udongo uleule uliotoka. Simama pale uone saruji inaingia. Kisima kisafishwe kwa kompresa mpaka maji yatoke meupe bila mchanga, na juu kijengwe jukwaa la zege lenye mteremko wa kutoa maji nje.

Jaribio la pampu, na kwa nini mwezi una maana

Jaribio la pampu ni kuvuta maji kwa kasi inayojulikana kwa muda mrefu, mara nyingi saa 24 kwa kisima cha biashara, huku mkipima maji yanashuka kiasi gani, na kisha kuzima na kupima yanarudi kwa kasi gani. Bila jaribio hili hujui kisima chako kina nini. Fundi akifungua pampu kwa nusu saa na kusema “maji mengi, bosi”, hajapima chochote.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia kama Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Kisima kilichopimwa Machi kitakusifia uongo. Kipimo cha kuaminika ni cha Oktoba au mwanzo wa Novemba, ardhi ikiwa imekauka. Kama ni lazima upime masika, basi uombe kibali cha kiasi kidogo kuliko jaribio lilivyoonyesha, halafu ukipime tena mwisho wa kiangazi.

Hesabu ya kiasi utakachoomba

Bodi itataka ujue unaomba lita ngapi kwa sekunde au mita za ujazo ngapi kwa siku. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, simtanki moja ya kawaida.

Chukua bustani ya mboga ya hekta moja. Kiangazi chetu mboga huhitaji kama milimita 5 za maji kwa siku. Milimita moja juu ya hekta moja ni mita 10 za ujazo, kwa hiyo unahitaji mita 50 za ujazo kwa siku, yaani lita 50,000. Pampu ya sola ikifanya kazi saa 10, itapaswa kutoa karibu lita 1.4 kwa sekunde. Sasa rudi kwenye jaribio. Kama kisima chako kiliweza kutoa lita 1 tu kwa sekunde bila kushuka hovyo, kwa saa 10 utapata mita 36 za ujazo, na hiyo ni bustani ya kama robo tatu ya hekta. Punguza bustani, au tumia mipira ya matone. Usiombe namba kubwa kwa kiburi, kwani ada ya matumizi huendana na kiasi ulichopewa.

Kibali kikitoka kitataja mahali, matumizi, kiasi na muda. Kisome mwenyewe, mstari kwa mstari. Kwa kawaida utatakiwa kufunga dira ya maji kwenye kisima na kutunza kumbukumbu za matumizi. Ukitaka kubadilisha matumizi, mfano bustani iwe nyumba ya wageni, au kuongeza kiasi, rudi Bodi kwanza. Ukiuza shamba, ulizia pia kibali kinahamishwaje; mnunuzi asije akarithi kisima kisicho na jina.

Maabara kabla ya kikombe

Maji kuwa meupe hayamaanishi ni salama. Peleka sampuli maabara ya ubora wa maji ya Wizara, ipo Mtwara, na ufuate maelekezo yao ya chupa na muda wa kufikisha. Omba vipimo vya vimelea, nitrati na kloridi. Nitrati ikizidi miligramu 50 kwa lita ni hatari kwa watoto wachanga, na kwenye makazi yaliyosongamana chanzo chake mara nyingi ni vyoo. Kloridi ndiyo alama ya chumvi ya bahari. Ulimi huanza kuionja ikifika kama miligramu 250 kwa lita, kwa hiyo maabara itakuonya mapema kabla chai haijakuonya.

Kama tayari una kisima kisicho na karatasi

Wengi mko hapa, nami nilikuwepo. Nenda Bodi ukajieleze kabla hawajakufuata. Beba chochote ulichonacho: picha, risiti za fundi, jina la aliyechimba, mwaka. Kina unaweza kukipima kwa kamba yenye uzito, kama pampu inatolewa. Urefu wa maji, yaani kutoka mdomo wa kisima hadi maji yaliposimama, utapimwa kwa kamba hiyohiyo asubuhi kabla ya kuwasha. Wataalamu wanaweza kukuelekeza ufanye jaribio la pampu upya, na hilo litakugharimu, lakini baada ya hapo kisima chako kitakuwa kwenye ramani yao. Jirani mwenye mradi mkubwa akiomba kibali kesho, Bodi itaangalia nani yupo karibu. Kisima kisichoandikishwa hakionekani kwenye kuangalia huko, na mwenye nacho atalalamika bila ushahidi.

Kijiji au kikundi chenye kisima cha pamoja kifanye hivyohivyo kupitia chombo chake cha watoa huduma ya maji, kwa msaada wa RUWASA wilayani. Na watumiaji wa chanzo kimoja, wakulima wa bonde moja kwa mfano, wanaweza kuunda jumuiya ya watumia maji inayotambuliwa na sheria. Jumuiya hupanga zamu, husuluhisha ugomvi mdogo na huongea na Bodi kwa sauti moja.

Ukigombana na jirani au na Bodi

Kisima chako kikianza kushuka baada ya mtu kuwasha pampu kubwa karibu, usianze na matusi, anza na vipimo. Pima urefu wa maji kila asubuhi kwa wiki mbili, andika tarehe na saa, na uandike pia siku ambazo pampu yake ilizimwa. Maji yakipanda siku zile amezima, una hoja. Mpelekee jirani kwanza, kisha mwenyekiti wa kijiji, kisha Bodi kwa maandishi. Bodi inaweza kubadilisha masharti ya kibali chake au kupunguza kiasi. Kama uamuzi wa Bodi haukuridhishi, sheria inakupa nafasi ya kukata rufaa kwa Waziri wa Maji. Omba uamuzi kwa maandishi na uwahi, kwani rufaa ina muda wake.

Daftari la kisima

Nunua daftari gumu, lile la kaunta. Ukurasa wa kwanza andika namba ya kibali, majira-nukta, jina na leseni ya mchimbaji, kina, mabomba yenye matundu yalipo, kina ambacho pampu imewekwa, na urefu wa maji siku ya kwanza. Bandika nakala ya taarifa ya uchimbaji na majibu ya maabara.

Baada ya hapo, kila mwisho wa mwezi andika mambo matatu: dira inasoma ngapi, maji yamesimama mita ngapi kabla ya kuwasha pampu, na kwa walio pwani, namba ya kifaa cha chumvi. Ni kazi ya robo saa. Pale kwetu kisima cha pili, kifupi, chenye kibali, kina daftari lake, na mpwa wangu wa darasa la sita ndiye anayelijaza. Oktoba mwaka wa pili aliona namba ya chumvi imepanda miezi miwili mfululizo, akatuambia. Tulipunguza saa za pampu kutoka nane hadi tano, tukaacha robo ya bustani bila mbegu. Kufikia Februari namba ilikuwa imerudi chini.